Jeni Tatu Zilizokutana Randburg

Windsor ni mtaa wa maghorofa ulioko Randburg, kaskazini-magharibi mwa Johannesburg. Barabara zake zina majina ya vyeo vya watukufu wa Uingereza: Lords, Dukes, Countesses. Ni vyeo vya kurithi. Kwa desturi ya Waingereza, cheo cha namna hiyo hushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kwanza wa kiume, na wadogo zake hubaki mikono mitupu. Urithi wa mwilini hauna ubaguzi huo. Hautazami nani kifungua mimba na nani kitinda mimba. Kila mtoto hupewa nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba, na hakuna mzazi anayechagua nusu ipi itoke.

Leo maghorofa ya Windsor yamejaa watu wa kila pembe ya Afrika: wenyeji wa Afrika Kusini wa makabila mbalimbali, Wazimbabwe, Wanigeria, Wakongo, na Waswahili wa Tanzania hawakosekani. Zamani haikuwa hivyo. Randburg iliundwa mwaka 1959 kwa kuunganisha vitongoji 13, ikawa mji wa Wazungu watupu, wakiwemo Makaburu wengi. Sheria za mwaka 1950 zilimpa ofisa wa serikali mamlaka ya kumtazama mtu ngozi, nywele na pua, kisha kumwandika kuwa ni wa kundi fulani. Na kundi hilo ndilo liliamua atakaa wapi, atasoma wapi na ataoa nani. Msingi wa sheria hizo ulikuwa imani kwamba sura ya mtu inatosha kueleza alichobeba ndani.

Imani hiyo iliumiza hata watoto wa waliokuwa na madaraka. Sandra Laing alizaliwa mwaka 1955 huko Piet Retief, wazazi wake wote wawili wakiwa wameandikishwa kuwa Wazungu. Ngozi yake ilikuwa ya kahawia na nywele zake za kipilipili. Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka kumi, alifukuzwa shule na serikali ikambadilishia kundi. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba aliyeitwa baba yake angeweza kweli kuwa baba yake. Kwa mtaalamu wa urithi hakuna muujiza hapo. Rangi ya ngozi huamuliwa na jeni nyingi kwa pamoja, kila moja ikichangia kidogo, na familia nyingi za Kikaburu zina mababu Waafrika na Waasia wa karne zilizopita. Chembe za mababu hao zikiwa zimetawanyika kwa baba na kwa mama, hazionekani. Zikikusanyika kwa mtoto mmoja, huonekana. Sheria ya Afrika Kusini ilimwadhibu mtoto kwa jambo ambalo haikuwa na elimu nalo.

Elimu yenyewe ilikuwa ikichimbwa Johannesburg kwenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambacho watu wa Johannesburg hukiita Wits, aliingia kijana mmoja kabla hajatimiza miaka 16: Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston mwaka 1927, mtoto wa fundi viatu mhamiaji. Kwa shahada yake ya uzamili alichunguza kromosomu za sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu ya kuchezacheza. Phillip Tobias, aliyekuja kujulikana duniani kwa utafiti wa masalia ya binadamu wa kale, naye aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya kromosomu za panya wa nyikani. Brenner alishiriki baadaye katika ugunduzi wa RNA mjumbe, uliotangazwa mwaka 1961, na mwaka 2002 akapata Tuzo ya Nobel.

Walichokuwa wakikitazama kwenye darubini ni hiki. Ndani ya kiini cha seli kuna uzi wa DNA, ambao magazeti yetu huuita vinasaba. Uzi wote wa seli moja ya binadamu ukinyooshwa hufikia kama mita 2. Muda mwingi uzi huo umelegea na hauonekani. Seli inapotaka kugawanyika, hujikunja na kujikaza ukawa vipande vifupi vinene ambavyo, vikitiwa rangi, huhesabika. Vipande hivyo ndivyo kromosomu. Binadamu ana 46, yaani jozi 23. Idadi hiyo ilithibitishwa mwaka 1956 tu, na Joe Hin Tjio na Albert Levan waliokuwa wakifanya kazi Lund, Sweden. Kabla ya hapo, vitabu vilifundisha kwa uhakika kwamba ni 48.

Jeni ni sehemu ya uzi huo yenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini. Tunazo jeni za protini zipatazo 20,000, kila moja ikiwa na mahali pake maalumu kwenye kromosomu yake. Maelekezo yameandikwa kwa kemikali nne, ambazo wataalamu huziwakilisha kwa herufi A, T, C na G. Seti moja ya kromosomu 23 ina herufi kama bilioni 3. Na kwa kuwa kromosomu huja kwa jozi, karibu kila jeni tunayo kwa nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Msomaji alishike hilo, maana yote yanayofuata yanasimama juu yake.

Jozi moja ina mambo yake. Mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X na Y. Yai la mama daima hubeba X. Mbegu ya baba hubeba ama X ama Y, na hiyo ndiyo inayoamua mtoto awe wa kike au wa kiume. Nettie Stevens wa Marekani aliliona hilo kwa mdudu mwaka 1905. Zaidi ya karne imepita, na bado wapo wanawake Afrika Mashariki wanaoongezewa wake wenza au kurudishwa kwao kwa sababu wamezaa mabinti watupu. Ni dhuluma isiyo na hata punje ya ushahidi.

Kwa kuwa Y hupita kwa baba na mwana peke yao, na kipande kingine cha DNA kilicho nje ya kiini hupita kwa mama, wataalamu huweza kufuatilia nasaba za kiume na za kike, kila moja kivyake. Mwaka 2023 ilichapishwa kazi iliyochunguza mifupa ya watu 80, wengi wao waliozikwa katika miji ya kale ya pwani yetu, ikiwemo Mtwapa, Manda na Kilwa. Upande wa akina mama ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa mno. Upande wa akina baba ulionyesha wanaume wengi wenye asili ya Uajemi, na kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Masimulizi ya Washirazi kwamba mababu zao walitoka Uajemi, ambayo wanahistoria wengi walikuwa wameyapuuza, yalikuwa na chembe ya ukweli ndani yake.

Turudi Randburg, ambako jeni tatu zimekutana.

Jeni ya kwanza ilifika na familia za Kikaburu, na safari yake ina tarehe. Mwaka 1688, huko Rasi ya Tumaini Jema, Gerrit Jansz van Deventer alimwoa Ariaantje, mmoja wa mabinti yatima waliosafirishwa kutoka Rotterdam ili waolewe na walowezi. Mmoja wa wanandoa hao alikuwa na kasoro ya herufi moja kwenye jeni iliyoko kromosomu ya 1. Jeni hiyo inahusika na utengenezaji wa himu, kiini chenye chuma kinachoipa damu wekundu wake. Nakala moja ikiharibika, himu hutengenezwa kwa shida, na mabaki ya kemikali huweza kurundikana mwilini. Ugonjwa huo huitwa porfiria.

Kwa zaidi ya miaka 200 haukuwa na makali. Ngozi ya mgongo wa kiganja iliota malengelenge juani, basi. Kisha zikaja dawa za usingizi za jamii ya barbitureti, zilizoenea hospitalini katika karne ya 20. Mgonjwa aliyelazwa kwa upasuaji mdogo alidungwa nusu kaputi, na baada ya siku chache tumbo lilimkata kwa maumivu, mkojo ukageuka mwekundu wa giza, viungo vikapooza, wengine wakafa. Geoffrey Dean, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Port Elizabeth, alianza na familia ya muuguzi mmoja, akapanda ngazi za nasaba kizazi baada ya kizazi kwa kutumia vitabu vya ubatizo na makaburi, akakuta familia nyingi zenye ugonjwa huo zinakutana kwa wanandoa wale wa 1688. Mwaka 1996 watafiti waliikuta herufi yenyewe iliyobadilika. Wakati huo wazao waliokuwa nayo walikwishafika maelfu.

Hii ndiyo jeni inayotawala: nakala moja mbovu inatosha, na mzazi aliye nayo humpa kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Si kila aliyeirithi huugua. Wengi huishi na kufa bila kujua. Wingi wake Afrika Kusini hautokani na ubaya wowote wa damu ya Makaburu. Ni kwamba walowezi wa mwanzo walikuwa wachache, walizaa watoto wengi, na wazao wao wakaoana wenyewe kwa wenyewe. Kwa sababu hiyohiyo, ugonjwa wa kurithi wa lehemu nyingi kwenye damu, unaoziba mishipa ya moyo mapema, ni wa kawaida kwao kuliko kwa watu wengi duniani.

Jeni ya pili ni ya zamani kuliko makazi ya Rasi, kuliko meli zilizowaleta walowezi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Jennifer Kromberg na Trefor Jenkins, wataalamu wa urithi wa binadamu wa Johannesburg, walihesabu watu wenye ualbino huko Soweto. Walikuta mtu mmoja katika kila watu 3,900 hivi. Ualbino wa aina hii hufuata kanuni tofauti na ya porfiria: nakala moja nzima inatosha kutengeneza rangi, kwa hiyo anayepungukiwa ni yule tu aliyepata nakala mbovu kutoka pande zote mbili. Jeni ya namna hii huitwa iliyojificha. Mwenye nakala moja mbovu ni mbebaji. Ngozi yake ni nyeusi, macho yake ni meusi, na hana dalili yoyote.

Wabebaji ni wangapi? Hesabu yake ni fupi. Ikiwa mtu mmoja katika 3,900 amepata nakala mbovu mbili, basi uwezekano wa nakala moja kuwa mbovu ni kipeuo cha pili cha hapo, yaani kama moja katika 62. Kila mtu ana nakala mbili, kwa hiyo mbebaji ni kama mmoja katika kila watu 32. Basi ndogo za abiria, ambazo Johannesburg huitwa teksi, huchukua watu 15 au 16. Teksi mbili zikijaa Randburg kwenda Soweto, kwa wastani kuna mbebaji mmoja amekaa humo, naye hajijui. Tanzania, ambako kiwango kinachotajwa mara nyingi ni mtu mmoja katika 1,400, hesabu hiyohiyo inatoa mbebaji mmoja katika kila watu 19 hivi. Ni wengi kuliko wanaodhaniwa, na wamo katika kila ukoo, pamoja na koo za wale wanaowatenga watu wenye ualbino.

Mwaka 1992 Michèle Ramsay na wenzake wa Johannesburg walionyesha kwamba jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya 15. Miaka miwili mitatu baadaye ikajulikana kasoro yenyewe: pengo la herufi 2,700 hivi, kana kwamba kipande kimekatwa na ncha mbili zikaunganishwa. Protini ya jeni hiyo hukaa kwenye vifuko vidogo vinavyotengeneza melanini. Isipokuwapo, kazi ya vifuko hivyo huzorota. Kikubwa zaidi ni kile kilichofuata. Watu wenye ualbino wa Tanzania walipopimwa, wengi wao walikutwa na pengo lilelile, limekatwa mahali palepale. Kasoro mbili zilizotokea kivyake haziwezi kufanana hivyo hadi kwenye herufi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba pengo lilitokea kwa mtu mmoja, maelfu ya miaka iliyopita, kabla wasemaji wa lugha za Kibantu hawajasambaa kusini na mashariki. Mtoto mwenye ualbino wa Sengerema na mwenzake wa Soweto wanaweza kuwa ni ndugu kwa babu au bibi huyo mmoja.

Kutokana na kanuni hiyo, mtoto mwenye ualbino wa aina hii ni ushahidi wa mambo mawili tu: mama alitoa nakala moja, baba alitoa nakala moja. Hakuna laana, hakuna Mzungu aliyepita usiku. Baba anayemkimbia mkewe wodini anakimbia nusu ya kazi yake mwenyewe. Hili linasemwa kwa uchungu, maana nchini Tanzania, tangu miaka ya 2000, watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo na watu walioaminishwa kwamba miili yao ina nguvu za ajabu. Miili yao inapungukiwa rangi. Kinachowaua wengi bila kelele ni saratani ya ngozi, inayozuilika kwa kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Hospitali ya KCMC ya Moshi inatengeneza mafuta hayo kwa ajili yao. Shuleni tatizo ni macho, ambayo hucheza na hayaoni mbali, na miwani hairekebishi yote. Dawati la mbele karibu na ubao si upendeleo.

Jeni ya tatu ndiyo iliyofika Randburg hivi karibuni kuliko zote, na ndiyo inayowahusu wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Ni ya selimundu, ambayo nyumbani wengi huiita sikoseli.

Aliyeielewa vizuri ni mtu wa pande zote mbili, Afrika Kusini na Afrika Mashariki. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akalelewa Gilgil katika Bonde la Ufa nchini Kenya, akasoma Wits miaka ya 1940, kisha Oxford. Mwaka 1949 alijiunga na msafara wa Oxford uliokwenda Mlima Kenya, naye akachukua nafasi hiyo kukusanya damu za watu wa makabila mengi ya Kenya. Kipimo chake kilikuwa chepesi. Tone la damu huwekwa kwenye kioo, hutiwa kemikali inayonyonya oksijeni, hufunikwa kwa kioo chembamba. Chini ya darubini seli nyekundu huanza zikiwa duara. Kwa mtu asiye na jeni hii hubaki hivyo. Kwa mwenye nayo, ukingo hujikunja taratibu, ncha mbili huchongoka, na baada ya muda uwanja mzima wa kioo umejaa vimundu.

Hesabu zake zilimshangaza. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, waliokuwa na jeni hiyo walipita asilimia 20. Nyanda za juu, hata kwa watu wenye undugu wa lugha, walikuwa haba. Jeni inayoua watoto ingewezaje kuwa nyingi kiasi hicho? Allison alikulia mahali ambapo kila mtu alijua tofauti kati ya pwani na nyanda za juu: malaria. Alirudi mwaka 1953. Kwa watoto wa Buganda alikuta wabebaji hawana vimelea vingi kama wenzao. Kisha akafanya jambo ambalo kamati za maadili za leo zisingeliruhusu: aliwaambukiza malaria Wajaluo watu wazima waliojitolea, 15 wakiwa wabebaji na 15 wasio na jeni. Kati ya wasio nayo, 14 waliota vimelea. Kati ya wabebaji ni 2 tu. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1954.

Kasoro yenyewe ni herufi moja kwenye kromosomu ya 11: mahali pa A pamekaa T. Kwa sababu hiyo asidi amino ya sita katika mnyororo wa 146 hubadilika. Himoglobini iliyobadilika hivyo, oksijeni ikiisha, hugandamana na nyingine ikawa fito ndefu, na fito hizo hulazimisha seli ijipinde. Seli nzima huishi siku kama 120. Seli mundu huishi siku 10 hadi 20, ndiyo maana upungufu wa damu hauishi. Zikinasa kwenye mishipa midogo, nyama iliyo mbele yake hukosa hewa, na hapo huja maumivu ambayo wagonjwa husema hayana mfano.

Mtoto aliyerithi nakala mbili huzaliwa akiwa mzima, kwa sababu himoglobini ya tumboni ni ya aina nyingine. Inapopungua, kuanzia miezi sita hivi, ishara ya kwanza mara nyingi ni viganja na nyayo kuvimba ghafla. Mtoto anakataa kukanyaga, analia akishikwa vidole. Mama hudhani amebanwa na kitu.

Sasa mchukue mtoto huyo umhamishie Randburg. Johannesburg iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai asubuhi joto huweza kukaribia nyuzi sifuri, na maghorofa mengi hayana vipasha joto. Baridi ni kichocheo kikubwa cha maumivu ya selimundu. Isitoshe, jeni hii ni nadra sana kwa wenyeji weusi wa Afrika Kusini, kwa hiyo muuguzi wa kliniki anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nayo kwa wenyeji, na mtoto aliyevimba vidole hafikiriwi mara moja kuwa na ugonjwa huo. Kisa hicho hakiwahusu Wakongo na Watanzania wachache tu: madaktari wa watoto wa Afrika Kusini wamekuwa wakiona wagonjwa wa selimundu wakiongezeka kadiri familia kutoka Afrika ya Kati zinavyohamia. Mzazi anayetoka Uvira kule Kongo, Kigoma au Mwanza hana budi kulitaja neno hilo mwenyewe, tena mapema.

Na huko juu hakuna malaria ya kumpa mbebaji faida yoyote. Jeni haijui kwamba imehama. Itaendelea kupita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto ileile, katika mji ambao sababu ya kuwapo kwake haipo.

Tuseme kijana wa Mwanza amekutana na binti wa Uvira pale Windsor, wote wazima wa afya, wote wabebaji, hali inayoandikwa AS kwenye majibu ya maabara. Kila mimba ni kama kurusha shilingi mbili kwa pamoja, moja ya baba na moja ya mama. Robo ya uwezekano mtoto atakuwa AA, nusu atakuwa AS kama wazazi wake, robo atakuwa SS, yaani mgonjwa. Na shilingi haikumbuki ilivyoanguka jana. Wakishapata mtoto mgonjwa haimaanishi watatu wanaofuata wamesalimika, na wakishapata watatu wazima haimaanishi wa nne ni zamu ya ugonjwa. Kosa hili la hesabu limewafariji na kuwatesa wazazi wengi. Ikiwa mmoja wao ni AA, basi hakuna mtoto wao atakayekuwa SS, ingawa nusu kwa wastani watabeba.

Kujua hakulazimishi watu kuachana. Wapo wanaoamua kuoana na kumpima mtoto mara anapozaliwa, ili aanzishiwe penisilini ya kinga na chanjo mapema, na baadaye haidroksiyurea, kidonge kinachoirudisha kwa kiasi himoglobini ile ya tumboni. Hatua hizo ndizo zinazookoa maisha, na Muhimbili, ambako Julie Makani na wenzake wamewafuatilia maelfu ya wagonjwa tangu mwaka 2004, kazi hiyo inajulikana vizuri. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya kuhariri jeni, na ugonjwa iliotangulia kuutibu ni huuhuu. Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa. Watoto wengi wenye selimundu huzaliwa Afrika, na kwa bei hiyo tiba hiyo haijawafikia. Hilo haliwezi kupita bila kusemwa.

Kwa anayeishi Randburg leo, mahali ambapo urithi huu hukutana naye ana kwa ana ni fomu ya hospitali, kile kisehemu kinachouliza magonjwa ya familia, ambacho watu wengi hujaza "hakuna" ili foleni isonge. Mwenye porfiria kwenye ukoo aandike hapo kabla ya dawa yoyote ya usingizi; daktari wa nusu kaputi ana dawa nyingine za kumpa. Mwenye selimundu aandike SS, ili wakati wa upasuaji apewe maji ya kutosha, joto na oksijeni. Mbebaji aandike AS, asiandike kuwa ni mgonjwa, kwa sababu hali hizo mbili hazihudumiwi sawa. Asiyejua aombe kipimo cha himoglobini: ni damu kidogo ya mkononi, na kikifanyika vizuri mara moja hakina haja ya kurudiwa, kwa kuwa majibu yake ya utu uzima ndiyo yatakayokuwa ya uzeeni.